Kondoo wa Ami na Kirusi Chenye Nyuzi Tatu

Maji ya Mto Tana yanayoingia baharini pale Kipini yamekwisha kupita kwenye mabwawa ya Masinga, Kamburu na Kiambere, huko mpakani mwa Embu. Katika mvua kubwa sisi wa pwani na wao wa bara hunyeshewa na msimu mmoja, na msimu huo una ugonjwa wake.

Ami yangu ni mkazi wa siku nyingi wa Majengo, mjini Meru. Mwaka mmoja, zikiwa zimesalia siku chache Idi ya kuchinja iingie, alinipigia simu. Alikuwa amenunua kondoo wawili walioteremshwa kutoka pande za Isiolo. Mvua zilikuwa zimezidi kipimo, na muuzaji alikuwa ameponyokwa na neno kwamba katika kundi lile majike kadhaa yalikuwa yametupa mimba. “Mwanangu,” aliniuliza, “niwachinje au niwarudishe?”

Nilimjibu asifanye lolote kati ya hayo mawili.

Kondoo na mbuzi wanaotupa mimba kwa wingi baada ya mafuriko ni dalili ya kwanza ya homa ya Bonde la Ufa. Kirusi chake kilitambuliwa nchini Kenya, karibu na Naivasha, na Daubney, Hudson na Garnham waliochapisha habari zake mwaka 1931. Ni tufe lenye kipenyo cha nanomita 100 hivi. Sharti vipangwe 10,000 safu moja ndipo milimita moja ijae. Nje kimejivika joho la mafuta kililolichukua kwenye seli kilimozaliwa, na juu ya joho hilo zimechomoza protini mbili, Gn na Gc, zilizo funguo za kuingilia seli nyingine.

Ndani mna nyuzi tatu za RNA. Uzi mkubwa una maelezo ya kumuunda mwandishi, yaani kimeng’enya kinachonakili nyuzi zote. Wa wastani una maelezo ya zile funguo. Mdogo una maelezo ya protini inayozifunika nyuzi, na ya nyingine iitwayo NSs, ambayo kazi yake ni kuunyamazisha mwili usipige yowe la hatari. Nyuzi hizi zimeandikwa kinyume, kama hati iliyotazamwa kiooni, na seli haiwezi kuzisoma. Ndiyo sababu kirusi huja na mwandishi wake. Uzi mdogo una ajabu zaidi: habari moja husomwa kutoka upande huu na nyingine kutoka upande wa pili, mfano wa daftari la mtoto wa chuoni aliyeanza Kiarabu kuliani na Kiswahili kushotoni.

Wataalamu wamekiweka katika jenasi ya Flebovirusi, jina lililotokana na usubi wa mchangani, ijapokuwa hiki hubebwa na mbu. Zamani familia yake iliitwa Bunyaviride, kwa heshima ya Bunyamwera, mahali pa magharibi mwa Uganda. Mwaka 2017 mpango huo ulibadilishwa, nacho kikahamishiwa familia ya Fenuiviride; lakini jina la Bunyamwera halikufutwa, lilipandishwa daraja.

Mbu wa aina ya Aedes hutaga mayai katika udongo wa mabonde yanayotuamisha maji, na mayai hayo huweza kustahimili ukavu kwa miaka, kirusi kikiwa ndani. Mafuriko yakija, huanguliwa. Ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa 2006: Garissa, kisha Tana River na Kilifi kwetu, hata Baringo. Idi ya kuchinja iliangukia siku zile zile, masoko ya mifugo yamefungwa na uchinjaji umepigwa marufuku katika maeneo yaliyoathirika. Hadi Machi 2007 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 684 nchini, na 155 kati yao walifariki. Kabla ya hapo, mwaka 2000, homa hii ilikuwa imevuka bahari hadi Saudia na Yemen, mara yake ya kwanza kuonekana nje ya Afrika.

Wengi wanaoambukizwa hupata homa ya siku chache tu. Wachache huharibika macho, huvimba ubongo au hutokwa na damu. Chanjo ya mifugo ipo. Ya binadamu bado haijaidhinishwa.

Sasa lile joho la mafuta. Sabuni huliyeyusha na moto huliharibu, kwa hiyo nyama iliyoiva na maziwa yaliyochemshwa hayana hofu. Hatari iko kwa anayeshika kisu, anayechuna, anayeosha matumbo, au anayemzalisha mnyama kwa mikono mitupu, damu ingali mbichi. Mwanamke anayesafisha utumbo uani yumo hatarini sawa na mchinjaji, jambo ambalo wanaume wetu husahau.

Iwapo mnyama mgonjwa anafaa kwa udhiya, hilo nawaachia masheikh. Kumrudisha sokoni ni kumpelekea mwenzio balaa. Ami alimwita daktari wa mifugo, damu ikatolewa na kupelekwa maabara, kondoo wakabaki zizini chini ya chandarua. Idi ile walikula kuku.