Saketi za Kupimia Kioo cha Simu na Hatari ya Umeme Tuli

Kijiji cha Robanda, kilichopo wilayani Serengeti karibu na Fort Ikoma, hupita katika kiangazi kirefu kuanzia Juni hadi Oktoba, majira ambayo nyasi hukauka, vumbi hutanda na unyevu wa hewa hushuka sana mchana. Ukavu huo unamhusu mkulima na mfugaji, lakini unamhusu pia fundi simu, kwa kuwa hewa kavu ndiyo rafiki mkubwa wa umeme tuli, yaani chaji za umeme zinazojikusanya juu ya kitu na kukosa njia ya kuondoka.

Chaji hizo huzaliwa pale vitu viwili vilivyogusana vinapoachana. Fundi anapobandua nailoni ya kinga iliyo juu ya kioo kipya, nailoni huondoka na chaji za aina moja na kioo hubaki na za aina nyingine, na tofauti kati ya viwili hivyo huweza kufikia maelfu ya volti. Hewa yenye unyevu huacha utando mwembamba wa maji juu ya vitu, na chaji hupotea taratibu kupitia utando huo. Hewa kavu haina msaada huo. Mwanadamu huanza kuhisi mshtuko wa namna hii volti zikikaribia 3,000, ilhali vipo vifaa vya elektroniki vinavyoharibika kwa volti zisizofika 100, na kwa sababu hiyo madhara mengi hutokea bila mtu yeyote kuhisi chochote.

Ndani ya kioo kuna transista, ambazo ni swichi ndogo mno zilizojengwa kwa tabaka nyembamba juu ya bilauri bapa, yaani bamba la kioo tupu. Kioo chenye nukta 1,920 kwa 1,080, ambapo kila nukta imegawanyika katika rangi tatu, kina vinukta 6,220,800, na kila kimoja huongozwa na njia mbili za metali zinazopishana: moja ya kufungua swichi na nyingine ya kupeleka picha. Njia hizo hutenganishwa na kihami, yaani tabaka lisilopitisha umeme, ambalo unene wake haufikii hata sehemu moja ya mia ya unywele. Cheche ikilitoboa mahali pamoja tu, mstari mzima huweza kupotea.

Kiwanda hakiwezi kufunga vipuri vya gharama kwenye kioo kabla ya kujua kama kizima, na hapo ndipo saketi za majaribio zinapohitajika. Maelfu ya njia huunganishwa kwa makundi kwenye mistari michache pembeni, na sindano za mashine hugusa vituo vya metali ili kioo kiwake chekundu, kijani na buluu kwa zamu. Urahisi huo una gharama yake, kwani kituo kimoja kilichounganishwa na mamia ya njia ni mlango mpana ambao chaji huingia nao kwa mkupuo. Hatari huzidi bilauri inapoinuliwa kutoka mezani: chaji hubaki ileile, lakini uwezo wa kioo na meza kuzihifadhi kwa pamoja hupungua kadiri umbali unavyoongezeka, hivyo volti hupanda.

Kinga iliyo bora ni ile inayozipa chaji njia nyingine kabla hazijafika kwenye kihami. Wasanifu huzungushia kioo mstari wa pamoja, kisha huunganisha kila njia na mstari huo kwa daiodi mbili, yaani vali za umeme za upande mmoja, zinazoelekeana kinyume. Volti za kawaida zikipita, daiodi hukaa kama zimefungwa. Volti zikizidi kiasi, hufunguka na kuzisambaza chaji katika eneo kubwa. Rezista, yaani kipingamizi cha umeme, huongezwa kati ya kituo cha kupimia na njia za ndani ili kupunguza kasi ya mkupuo. Ugumu upo katika kipimo, kwa maana daiodi inayofunguka mapema huvujisha umeme wa picha, na inayochelewa haiokoi kitu. Majaribio yakiisha, baadhi ya mistari hukatwa pamoja na ukingo wa bilauri, lakini daiodi hubaki, na katika vioo vingi vya simu swichi zinazounganisha njia na mistari ya majaribio nazo hubaki zikiwa zimezimwa.

Kinga hiyo ina kikomo, na fundi wa Robanda hana budi kuikamilisha. Naye hupima kioo kabla ya kukigandisha, akiunganisha fleksi, yaani ule mkanda mwembamba wa nyaya, na vidole vyake hupita karibu kabisa na njia zilezile. Bangili ya kuondoa chaji iliyounganishwa na ardhi ndiyo silaha ya kwanza. Ndani yake huwekwa rezista ya ohmu milioni moja ili chaji ziondoke polepole na ili fundi asidhurike akigusa umeme mkubwa kwa bahati mbaya. Palipo na umeme wa jua pekee bila waya wa ethi, nondo iliyochimbiwa ardhini hufaa, ila wakati wa kiangazi udongo unaoizunguka humwagiwa maji, kwani udongo mkavu haupitishi umeme vizuri.

Betri huchomolewa kwanza, fleksi huunganishwa, betri hurudishwa, ndipo simu huwashwa. Nailoni ya kinga hubanduliwa mwisho kabisa, taratibu kutoka pembeni, kwa sababu kioo kilichojeruhiwa nusu huwaka vizuri mezani, hulipiwa, kisha wiki kadhaa baadaye huchora mstari ambao mteja ataudhania kuwa ni kosa lake.