Jasho la Saa Nne na Nusu

Saa moja asubuhi umekunywa chai ya rangi yenye vijiko vinne vya sukari, ukashushia maandazi matatu. Umetoka nyumbani umeshiba. Saa nne na nusu mikono inatetemeka, jasho jembamba linakutoka, moyo unakwenda mbio, na njaa inauma kana kwamba tangu jana hujatia kitu mdomoni. Wenzako kazini wanasema ni malaria, au presha.

Huenda sukari imeshuka, na iliyoishusha ni chai ileile na maandazi yale. Sukari na unga mweupe huingia kwenye damu kwa mkupuo, kongosho likamwaga insulini nyingi, nayo ikaendelea kushusha sukari hata chakula kilipokwisha. Ndiyo maana hali hii huja saa mbili hadi nne baada ya kula. Huwapata zaidi waliofanyiwa upasuaji wa mfuko wa tumbo.

Wengi hukimbilia soda na kuishia hapo. Soda inakuinua, ni kweli, lakini ikinywewa peke yake inaweza kuanzisha safari ileile upya, na mchana ukatetemeka tena. Ramba sukari gramu 15, kama vijiko vitatu vya chai, ngoja dakika 15, kisha kula kitu cha kukaa tumboni: yai, karanga, hata maharage yaliyolala.

Dawa yenyewe, kwa maoni yangu, iko kwenye kifungua kinywa. Punguza sukari kwenye chai. Andazi liwe moja, pembeni pawe na yai au maharage. Chungwa ulile, usilikamue. Kula kidogo kidogo, mara nyingi, na usinywe pombe tumbo likiwa tupu.

Lakini usijitangazie ugonjwa kwa kutetemeka tu. Tangu miaka ya 1930, daktari mpasuaji wa Marekani, Allen Whipple, alitaka mambo matatu yakutane: dalili, kipimo kinachoonyesha sukari iko chini saa hiyohiyo, na nafuu sukari inapopanda. Ukipimwa kesho yake, umeshapoa, kipimo hakitasema kitu.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi asingoje: kipimo kikiwa chini ya 3.9 mmol/L, ale sukari papo hapo. Na aliyepoteza fahamu msimnyweshe chochote, atapaliwa. Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali.