Kaimati Zimetoka Mbali

Msomaji, ukienda Kenyatta Market kula nyama choma au kusukwa nywele, nunua pia nazi, iliki na hamira ukapike kaimati. Jina hilo limetokana na luqaimat, yaani vitonge vidogo kwa Kiarabu. Baghdad ziliitwa matonge ya kadhi, na zimo katika kitabu cha mapishi cha mwaka 1226. Katika nchi za Ghuba humwagiwa asali ya tende. Waswahili wa Mwambao wakakanda unga kwa tui la nazi, wakazigaragaza katika shira nzito mpaka ikaganda. Hapo ndipo utamu ulipo! Jijini wengine hutumia maji au maziwa, maana kukuna nazi ni kazi. Basi mama, usimkemee binti kwamba hizo si kaimati. Mwonye tu shira isiwe nyepesi, zitalowa.