Kumaliza dawa za TB si mwisho wa tiba

Mgonjwa wa kifua kikuu katika kata ya Issuna, wilayani Ikungi, akimaliza miezi sita ya dawa na makohozi yake yakapimwa na kukutwa hayana vimelea, huandikiwa kuwa amepona. Vimelea kweli vimekufa, ila vinaweza kuacha makovu, matundu na mirija ya hewa iliyotanuka isiyoweza tena kusukuma makohozi nje. Ndiyo maana wapo wanaoendelea kukohoa, na wengine hutweta kwa kupalilia matuta machache tu ya alizeti. Katika mkoa wenye wachimbaji wadogo wa dhahabu kama Singida, vumbi la mwamba nalo huumiza mapafu na kuyafanya yashambuliwe kwa urahisi na kifua kikuu. Watu hawa hawahitaji kurudishiwa vidonge vya TB. Wanahitaji utengamao wa mapafu, yaani mazoezi na mafunzo ya kumrudishia mtu uwezo wa kupumua na kufanya kazi, na huduma hiyo inastahili kuhesabiwa kuwa sehemu ya tiba yenyewe.

Mirija iliyotanuka namna hiyo huwapata pia wenye sistiki fibrosisi, ugonjwa wa kurithi ambao jeni yake ilitambuliwa mwaka 1989 na ambao hufanya kamasi ya mapafu kuwa nzito. Ujerumani, wagonjwa hao huweza kulazwa wiki kadhaa katika vituo maalumu vya utengamao, wakafanya mazoezi, wakafundishwa kutoa makohozi, wakapata lishe na ushauri nasaha. Mazoezi hayafuti kovu. Kinachobadilika ni misuli. Anayekosa pumzi huacha kutembea, miguu ikadhoofika, na misuli dhaifu hudai hewa nyingi zaidi kwa kazi ileile, hivyo pumzi humwishia mapema kuliko jana. Mazoezi yanayopimwa na kuongezwa kidogo kidogo huigeuza safari hiyo.

Ushahidi wa karibu nasi unatoka hospitali ya Mulago, Kampala. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, watu 34 waliobaki na mapafu mabovu baada ya TB walianza mazoezi ya wiki sita, mara mbili kwa wiki, bila kulazwa, na 29 wakamaliza. Umbali waliomudu kutembea kwenye kipimo uliongezeka kutoka wastani wa mita 299 hadi 377, na hali yao ya maisha ikawa nafuu. Mwenye shaka atasema kundi lilikuwa dogo, tena halikulinganishwa na wasiofanya mazoezi. Ni kweli. Hata hivyo matokeo hayo yanaoana na uchambuzi wa mwaka 2015 wa majaribio 65, yenye washiriki 3,822 wenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ulioonyesha kuwa utengamao hupunguza kukosa pumzi na kuboresha maisha.

Wengine watauliza mkulima wa Issuna anahitaji mazoezi gani, naye hushinda shambani. Lakini jembe halipimi pumzi ya mtu: aliyeugua ama hujilazimisha hadi akaanguka, ama huliacha kabisa. Pingamizi zito zaidi ni gharama na uhaba wa wataalamu. Kwa wenye hali mbaya, kulazwa majuma machache kuna maana, hasa kwa anayeishi mbali na mwenye kukohoa damu ambaye lazima daktari amwone kwanza. Kwa wengi, nauli ya kwenda Singida mjini mara mbili kila wiki ingewashinda, na faida ya wodini hufifia mtu asipoendelea nyumbani. Mazoezi yenyewe yanahitaji uwanja wa kutembea, ngazi, uzito mdogo wa kunyanyua na muuguzi aliyefundishwa na mtaalamu wa tiba ya viungo wa wilaya au mkoa. Hatua ya kwanza inaweza kuanza zahanati: siku ya kumaliza dawa, kila mgonjwa apimwe umbali anaotembea kwa dakika sita. Saa na kamba ya kupimia vinatosha kumtambua aliyepona vimelea lakini bado hajarudishiwa pumzi yake.