Mishipa ya Limfu Inapoota: Istilahi Tatu za Saratani ya Mlango wa Kizazi

Kauli "saratani imeingia kwenye mishipa" inaweza kubeba maana tatu zenye uzito tofauti kwa mgonjwa. Makala haya yanazitenganisha na kupendekeza istilahi ya kila moja.

Ya kwanza ni uotaji wa mishipa ya limfu. Uvimbe wa saratani huweza kutoa protini, hususan VEGF-C na VEGF-D, ambazo hunasa kwenye kipokezi VEGFR-3 katika kuta za mishipa hiyo na kuchochea mingine ichipuke. Mwanapatholojia huitambua kwa kutia kipande cha tishu kingamwili D2-40, inayoshika protini ya podoplanini. Mishipa ya damu kwa kawaida haina protini hiyo. Kwa hiyo podoplanini ni kiashiria cha tishu kinachotofautisha mishipa ya aina hizo mbili. Ya pili ni uvamizi, yaani seli za saratani kuonekana ndani ya mshipa. Ya tatu ni msambao, yaani seli hizo kufika na kukua katika tezi za limfu.

Katika mfumo wa FIGO wa mwaka 2018, msambao kwenye tezi za nyonga au za kandokando ya aota huuweka ugonjwa katika hatua ya IIIC. Uvamizi haubadilishi hatua, ingawa huzingatiwa katika kuamua tiba. Wingi wa mishipa iliyoota haumo katika upangaji wa hatua. Ungali suala la utafiti.

Neno "mshipa" huhusu damu, fahamu, hata ngiri. Likiachwa bila kufafanuliwa, msikilizaji hudhani damu yake imeingiwa na saratani. Matende, maradhi yanayofahamika vyema Pwani, yanafaa kuwa mfano: minyoo yake huishi katika mishipa ya limfu, ambayo hupitisha majimaji ya mwili, si damu.

Istilahi "ubashiri" nayo i jirani mno na utabiri na ramli. Viashiria huonyesha uwezekano uliopimwa kwa wagonjwa wengi, wala si hatima ya mmoja. Tunapendekeza "ubashiri" ubaki katika maandishi ya kitaaluma, na mbele ya mgonjwa itumike "mwelekeo wa ugonjwa".

Kwa kuhitimisha, uotaji, uvamizi na msambao visifasiriwe kwa neno moja. Mwanamke ambaye tezi zake hazijafikiwa hastahili kupewa habari ya aliye katika hatua ya IIIC.