Kuwasha Injini ya Eropleni kwa Mkono

Mtu wa Nyamira aliyepata kupeleka mahindi kwenye kinu cha injini anaijua kazi ya kuzungusha injini kwa mkono. Kijana akifundishwa kazi hiyo huambiwa kwanza asiizungushie hendeli kidole gumba, maana injini yaweza kurudi nyuma ghafula na kumvunja mkono. Eropleni ndogo nayo yaweza kuwashwa kwa namna iliyo karibu na hiyo, ila hatari yake ni kubwa zaidi, kwa kuwa hendeli yenyewe ni rafadha, yaani lile panga la mbele livutalo eropleni.

Hapo zamani hii ndiyo iliyokuwa njia ya kawaida. Bibi Florence Kerr Wilson alipoanzisha Wilson Airways mjini Nairobi mwaka 1929, kampuni hiyo ilitumia Gipsy Moth, ambazo ziliwashwa kwa kuvuta rafadha. Siku hizi eropleni nyingi zina stata ya umeme. Lakini betri ikifa katika uwanja mdogo kama ule wa Suneka, karibu na mji wa Kisii, rubani hana budi kuikumbuka desturi ya zamani, au kungoja betri nyingine iletwe.

Huenda msomaji akauliza: betri ikiwa imekufa, cheche za kuwasha petroli zatoka wapi? Zatoka katika magneto. Hiki ni chombo chenye sumaku izungushwayo na injini yenyewe, nayo hufanya umeme wake bila kuhitaji betri. Magneto nyingi zina springi ambayo hujikaza rafadha inapovutwa polepole, kisha hufyatuka kwa mlio na kuizungusha sumaku upesi. Ndipo cheche yenye nguvu hupatikana hata kwa mkono wa mtu.

Hapo ndipo ilipo hatari. Swichi ya magneto haikati umeme kama swichi ya taa ya nyumbani. Huupeleka umeme huo katika mwili wa injini ili upotee. Waya wake ukikatika, magneto hubaki hai ijapokuwa swichi imefungwa, na kusukuma rafadha kidogo tu kwaweza kuiwasha injini. Kwa sababu hiyo fundi huihesabu kila rafadha kuwa hai, hata ile ya eropleni iliyolala usiku kucha.

Kazi hii ni ya watu wawili waliofundishwa. Rubani hukaa ndani, breki zimekazwa, magurudumu yametiwa kabari, na mkia umefungwa kwa kamba. Petroli hufunguliwa kidogo tu. Ikizidi, eropleni itaruka mbele. Mwenzake huchagua mahali pakavu pa kusimama, na katika Kisii, nchi ya mvua nyingi, majani mabichi yaweza kumtelezesha hadi kwenye panga. Huweka vidole bapa juu ya panga bila kuvikunja, huita, hungoja jibu la rubani, kisha huvuta chini na papo hapo kurudi nyuma. Injini isipowaka, hagusi tena mpaka swichi imefungwa na rubani amejibu. Zimekwisha kutokea ajali za eropleni kukimbia zenyewe, rubani akiwa peke yake nje akivuta rafadha.

Watoto na watu wazima waliokuja kutazama yafaa wakae mbali, nyuma ya ncha za mabawa. Rafadha izungukayo haionekani sawasawa kwa macho. Wala raia asikubali kuivuta kwa kuombwa, hata akiwa hodari wa kuwasha kinu.

Eropleni kubwa zaidi, zenye injini za tabo, haziwezi kuwashwa hivi kamwe. Na hata ile ndogo ikiisha kunguruma, shida haijakwisha: magneto huiendesha injini, lakini betri iliyokufa kabisa yaweza kuiacha redio kimya, na katika uwanja wa Wilson, Nairobi, rubani huhitaji redio ili aruhusiwe kutua. Kwa hiyo marubani wengi waliokwama Suneka huona heri kungoja betri.