KISU CHA MASALA KULANGWA

Februari 2023 Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni na maktabani, miongoni mwake mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, kwa kukiuka mila, desturi na malezi ya Taifa. Mzazi mcha Mungu, wa msikitini na wa kanisani, huongeza swali lake: je, ngano za kigeni zinazoidhihaki ibada hazimpokonyi mtoto imani?

Swali hilo ni halali, wala si la kubezwa. Hata hivyo, sisi hatuoni kwamba ubaya umo katika zimwi lenyewe. Hapa Bariadi, na Usukumani kote, watoto wamelelewa na ngano ya Shing'weng'we aliyewameza watu wote, hata kijana Masala Kulangwa akampasua tumbo na kuwatoa wazima. Wapo walimu wa dini walioitumia kufundishia Injili. Ndugu zetu wa Visiwani nao wameyasikia majini ya Alfu Lela Ulela, na sala hawakuiacha.

Lakini kisu kile kilimkata sikio bibi kizee aliyekuwamo tumboni, ikambidi shujaa amtibu. Wahusika serikalini hawana budi kulizingatia hilo: kitabu kisomwe chote kabla ya hukumu, sababu zitangazwe, na wazazi washirikishwe. Tena rafu iliyoondolewa kitabu isiachwe tupu, bali ijazwe ngano zetu kwa Kiswahili fasaha. Mtoto mwenye njaa ya hadithi hangoji, hula alichokikuta.